Mbwa Aliyelala Chini ya Meza



Juma lililopita niliwaahidi kwamba tutaendelea na habari ya daftari za watoto. Niruhusuni niiweke pembeni kidogo. Mdogo wangu anayeishi Louisville, katika jimbo la Kentucky kule Marekani, alinipigia simu Jumapili jioni na kunieleza jambo lililoninyima usingizi, nami naona afadhali niwaletee lingali moto.

Yeye anafanya kazi ya kupeleka chakula mezani katika mkahawa. Siku hiyo aliingia mama mmoja mwenye miwani nyeusi, akaketi, akaagiza, akala, akalipa. Ilichukua karibu saa nzima, na mdogo wangu alipita pale mara nyingi na sinia mkononi. Yule mama aliposimama ili aende, mbwa mkubwa akatoka chini ya meza. Mdogo wangu akaruka, sinia likaanguka, vikombe vikavunjika. Mbwa akageuza kichwa, akatazama vile vikombe, akarudisha macho kwa mwenyewe. Hakubweka. Hakunusa hata kipande cha mkate kilichoanguka karibu na mguu wake. Wakatoka mlangoni pamoja, polepole.

"Dada," akaniambia, "mimi nimekulia Kadutu. Mbwa ninayemjua mimi ni yule anayefungwa mchana na kufunguliwa usiku. Huyu amesomea wapi?"

Mtu akimwuliza mwalimu "amesomea wapi", amemkamata. Nikaanza kutafuta.

Kumbe amesoma kweli. Shule za mbwa wa kuongoza vipofu zilianza Ujerumani wakati wa vita vya kwanza vya dunia. Ile ya Oldenburg ilifunguliwa mwaka wa 1916 kwa ajili ya askari waliopoteza macho vitani. Mama mmoja Mmarekani, Dorothy Harrison Eustis, aliyekuwa akikaa Uswisi na kufundisha mbwa huko, aliiona kazi hiyo akaiandika katika gazeti moja la kwao mwaka wa 1927. Kule Nashville kulikuwa na kijana kipofu, Morris Frank. Baba yake alimsomea habari ile. Kijana huyo alikuwa akimlipa mvulana ili amwongoze njiani, na mvulana alipochoka alikuwa anajiendea zake. Mkumbuke huyo mvulana, nitarudi kwake.

Frank akamwandikia yule mama, na mwaka wa 1928 akavuka bahari kwenda Uswisi. Katika meli walimshughulikia kama kifurushi cha posta, maana hakuna aliyeamini kwamba kipofu anaweza kusafiri peke yake. Alirudi na mbwa jike aliyeitwa Buddy. Alipofika New York, mbele ya waandishi wa habari, alivuka barabara pana iliyojaa magari, yeye na mbwa wake tu. Akampelekea Mama Eustis telegramu ya neno moja kumjulisha kwamba imefaulu. Mwaka wa 1929 wakafungua shule Nashville, wakaiita The Seeing Eye. Baadaye ilihamia jimbo la New Jersey, na hadi leo inafanya kazi huko Morristown.

Siku hizi mbwa wa namna hii hawaongozi vipofu tu. Wengine wanamgusa kiziwi mlango unapogongwa au mtoto anapolia, wengine wanaokota funguo za mtu aliye katika kiti cha magurudumu, wengine wanamtahadharisha mgonjwa wa sukari kabla hajazimia.

Basi mbwa alijua barabara. Lakini kulikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo iliyomshangaza mdogo wangu. Hoteli zilikataa mbwa. Treni zilikataa mbwa. Mikahawa vilevile. Frank alizunguka miaka mingi akibisha milango hiyo, na kilichoifungua zaidi ya maneno yake ni mbwa aliyelala kimya miguuni pake wakati yeye anaongea. Mbwa mmoja akikojoa dukani leo, vipofu kumi watakaokuja nyuma yake watatazamwa kwa jicho baya. Ndiyo maana shule nzuri hazimtoi mbwa mpaka apite mtihani wa adabu mbele ya watu.

Shirika la Assistance Dogs International, linalounganisha shule nyingi za namna hiyo, lina mtihani wake. Hauna darasa. Unafanywa penye watu, katika duka au mkahawa wa kweli. Unaanza mlango wa gari unapofunguliwa: mbwa asiruke, angoje aambiwe. Akishuka, asimkimbilie mbwa mwingine anayepita. Mlangoni asimsukume mwenyewe. Ndani atembee karibu na mguu wake, asinuse vitu vilivyopangwa, asiwaendee watu kuomba wamshike kichwa. Kisha anaambiwa aketi, na sahani ya chakula iko chini karibu naye. Anaketishwa tena, na kigari cha kubebea mizigo ya wanunuzi kinapitishwa kando yake. Nyuma yake mtu anaangusha kitu kwa kishindo. Hapo anaruhusiwa kushtuka, hata sisi tunashtuka, lakini atulie upesi, asikimbie wala asionyeshe meno. Mkahawani alale chini ya meza. Kamba inaangushwa makusudi, ili ionekane kama bado anamsikiliza mwenyewe. Kisha mtu mwingine anaishika kamba, mwenyewe anakwenda mbali kidogo, na mbwa asihangaike.

Rudieni kusoma maneno hayo. Asiruke, asikimbilie, asisukume, asinuse, asiwaendee. Karibu kila kipimo ni cha kutofanya kitu! Mitihani yetu sisi, kama ule wa mwisho wa shule ya msingi, inamtaka mtoto amwage kwenye karatasi kila alichonacho kichwani. Huu unatazama kile ambacho mbwa angependa sana kukifanya, na ameamua kukiacha. Mama aliyekwenda na mtoto wa miaka mitatu dukani penye bonboni anajua hiyo ni kazi ya namna gani.

Tena anayepimwa si mbwa peke yake. Anapimwa pamoja na mtu aliyeshika kamba. Je, anaongea naye vizuri? Anamsifu akifanya vema? Anatambua mapema kwamba mbwa amechoka? Mbwa mwenye akili akishikwa na mtu anayevuta kamba na kupiga kelele, wote wawili wanashindwa. Niliposoma hayo niliwaza mikutano yetu ya wazazi, tunapogawa matokeo ya watoto kana kwamba mtoto amesoma peke yake msituni.

Kuna na mtihani mwingine mdogo, ulioanzishwa mwaka wa 1989 na American Kennel Club kwa ajili ya mbwa yeyote, hata wa nyumbani asiye na kazi. Una hatua 10: kukubali mgeni asalimie, kupita katikati ya watu, kuja akiitwa, kubaki na mtu mwingine kwa dakika 3 bila kulia, na mengine ya namna hiyo. Kumsifu mbwa kunaruhusiwa. Kumpa kitu cha kula ndani ya mtihani hakuruhusiwi. Hapo nilicheka, maana hata huko wamejua kwamba kuna wanaofaulu kwa biskuti.

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kama mama. Nilifikiri mbwa hawa wanakulia katika shule zao. Hapana. Mbwa mdogo akiwa na majuma 7 au 8 hivi anapelekwa katika jamaa ya kawaida, baba, mama na watoto, ambao wanamlea bila mshahara hadi apite mwaka mmoja. Hawamfundishi kuongoza kipofu, kazi hiyo hawaijui. Wanamfundisha kukaa na watu. Ajisaidie nje. Asipande kitandani. Asiibe chakula mezani. Azoee mlio wa mashine, kilio cha mtoto mchanga, mvua juu ya bati, mtu mwenye kofia, mzee mwenye mkongojo. Wanampeleka kwanza kwenye uwanja mtulivu, kisha barabara ndogo, kisha barabara kubwa, kisha soko. Tulipokuwa katika chuo cha ualimu tuliimbishwa sheria hiyo karibu kila siku: kutoka rahisi kwenda ngumu, kutoka kinachojulikana kwenda kisichojulikana. Wale watoto wa Marekani wanaitumia bila diploma.

Baada ya hapo jamaa inamrudisha. Watoto wanalia, wazazi wanalia. Fikirini kulea kitu kwa mwaka mzima mkijua tarehe ya kukitoa! Kisha mwalimu wa kazi anamchukua kwa miezi, pale The Seeing Eye karibu miezi 4, na mwishoni mwalimu mwenyewe anafungwa kitambaa machoni na kuongozwa na mwanafunzi wake mjini. Huo ndio mtihani ambao sisi walimu tungeukimbia. Hatimaye kipofu anakuja, anakaa shuleni majuma kadhaa, wanafundishwa pamoja.

Wale wanaomfundisha mbwa wenyewe nyumbani, maana sheria ya Marekani inawaruhusu, chama kimoja cha watumiaji wa mbwa hao kinawashauri wasipungukiwe na saa 120 za mafundisho katika miezi 6 au zaidi, na kati ya hizo saa 30 ziwe nje, kati ya watu. Gawanyeni: ni chini ya saa moja kwa siku. Vipindi vifupi, kila siku, bila kuruka. Sio fimbo. Mbwa aliyenyamazishwa kwa kupigwa ananyamaza mbele ya aliyempiga tu. Siku kitu kikianguka nyuma yake, woga wote unatoka. Sitaongeza neno juu ya fimbo leo, tuliisha kugombana vya kutosha mwezi uliopita.

Kitu kimoja zaidi kilinipendeza. Mbwa wa kipofu anafundishwa kutii, halafu anafundishwa kukataa. Kipofu akisema "twende" na gari linakuja, mbwa anasimama, na hata akiamriwa tena hatembei. Mtoto wangu wa pili angefurahi kusikia habari hiyo, kwa hiyo sikumwambia.

Kwa wale wenye watoto na ndugu huko Marekani, muwaambie haya, maana mdogo wangu aliogopa kufukuzwa kazi. Sheria ya mwaka wa 1990 ya watu wenye ulemavu inamruhusu mtu kuingia na mbwa wake aliyefundishwa mahali ambapo watu wote wanaingia. Mfanyakazi anaweza kuuliza maswali 2 tu, ikiwa haionekani wazi: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya kazi gani? Haruhusiwi kuuliza ugonjwa ni upi, wala kudai karatasi, wala kusema "mwambie afanye nione". Lakini mbwa akikosa adabu na mwenyewe asimtulize, au akichafua mahali, anaweza kuombwa atolewe, hata akiwa na fulana nzuri yenye maandishi. Fulana inanunuliwa na yeyote, na wapo wanaoinunua ili waingie dukani na mbwa wao wa kuchezea tu. Adabu hainunuliwi. Na ukikutana na mbwa aliye kazini, usimwite, usimshike, usimtupie mfupa. Ongea na mtu.

Sasa niwaeleze kwa nini sikulala.

Katika darasa langu la nne kuna msichana ambaye kila Jumatatu na kila Alhamisi kiti chake kinakuwa wazi. Mwanzoni nilifikiri ni pesa za shule. Lakini masomo ya msingi katika shule za serikali hayalipiwi tangu Septemba 2019, na madaftari anayo. Nikamwuliza, akatazama chini. Jirani yake akajibu kwa ajili yake: "Mwalimu, yeye ndiye macho ya tate yake." Bibi huyo ni kipofu. Siku mbili za soko anauza makala na sabuni kidogo, na mtoto anamshika mkono kushuka na kupanda, anamhesabia franga, anamwonyesha mfereji ulio wazi na moto inayokuja kasi.

Msinielewe vibaya. Sifananishi mtoto na mbwa, kwetu hilo ni tusi na linabaki tusi. Ninafananisha sheria. Yule mbwa wa Louisville alisomeshwa miezi kabla ya kupewa kazi ya kumvusha mtu barabarani; msichana wangu alipewa kazi hiyo akiwa na miaka 6, siku ile dada yake mkubwa alipoolewa. Mbwa akionekana anaogopa magari, anatolewa kazini bila kulaumiwa. Mbwa akichoka, anapumzishwa. Mbwa akiisha kuzeeka, anastaafu na kupelekwa katika jamaa inayompenda. Msichana wangu nani atamwambia kwamba amestaafu? Na yule mvulana wa Nashville aliyekuwa akichoka na kujiendea, labda kuna waliomwona mvivu. Mimi naona alikuwa mtoto.

Najua swali lenu. Je, tulete mbwa? Hapana, na sitaki mtu atoke hapa na wazo hilo. Kule The Seeing Eye kipofu anatoa dola 150 kwa mbwa wake wa kwanza, na aliyekuwa askari anatoa dola 1. Gharama nyingine zote zinalipwa na michango ya watu. Hapa nani atachanga? Mbwa anahitaji nyama, chanjo, daktari wa mifugo. Anahitaji njia ya waenda kwa miguu, ambayo sisi tumepanga nyanya juu yake. Na mbwa wa barabarani wangemrarua siku ya kwanza. Tunao mbwa wenye ufundi hapa Kivu, wale wa Mbuga ya Virunga wanaofuata harufu ya majangili, lakini hao wana askari wa mbuga wa kuwatunza.

Kwa watoto wetu sheria inabaki ile ile: mbwa usiyemjua usimkaribie. Akimng'ata mtoto, osheni kidonda kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha muende kituo cha afya siku ile ile, hata kidonda kikiwa kidogo kama punje. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonekana mwilini, hakiponi. Msingoje mpaka kesho, wala msitie mafuta au majani.

Nilikwenda kwa yule bibi Jumanne baada ya masomo. Nilimkuta amekaa mlangoni, anamenya maharage kwa vidole vyenye akili kuliko vyangu. Nikamwamkia, nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Mwalimu, unafikiri mimi napenda? Mkono wake nikiushika naona unavyokua. Najua ni mkono wa mtoto wa shule." Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimejiandaa kwa ajili ya bibi mkaidi, sikumkuta.

Tulichopanga ni kidogo. Bibi mwenyewe alisema kwamba njia ya kwenda sokoni anaijua kwa miguu, isipokuwa sehemu 2: pale kwenye mfereji uliopasuka na pale kwenye kona ya moto. Hajawahi kushika fimbo nyeupe, wala hakuna aliyemfundisha kuitumia. Mtu akipata fimbo na mafundisho ya majuma kadhaa, anaweza kufanya peke yake mengi ambayo leo mtoto anafanya. Kwa sasa, wamama 3 wa likelemba ya avenue yetu wamekubali kumpitia asubuhi wanapokwenda sokoni, kila mmoja kwa zamu yake, na kumrudisha jioni. Mmoja wao aliniuliza: "Nimshike namna gani?" Swali zuri. Usimvute wala usimsukume. Mpe kiwiko chako, akishike yeye, utangulie nusu hatua. Ukifika penye ngazi, sema. Ukiondoka, mwage, usimwache akiongea na hewa. Na katika kuhesabu franga, mtajie kila noti unapomwekea mkononi, kwa sauti, muuzaji na mnunuzi wasikie.

Jumatatu hii msichana alikuwa darasani. Alikuja na viatu vilivyopakwa rangi, akainua mkono mara 4, na mara 3 alikosa. Amepitwa na mengi katika sehemu za kugawanya. Alhamisi yule mama wa zamu alifiwa huko Walungu, akaondoka alfajiri, na kiti kikawa wazi tena.

Kwa hiyo tunatafuta mama wa nne, na wa tano kama yupo, wa upande wa chini wa avenue. Na yeyote kati yenu anayejua fundi au kituo kinachotoa fimbo nyeupe na kufundisha wazee kuitumia, aje anione shuleni mchana watoto wakiisha kutoka, au aache neno kwa mama mwandishi wa chama. Habari ya daftari tutaiendeleza juma lijalo.